Binti Yangu Alifundisha Kompyuta Kupaka Rangi, Sasa Amepewa Nyumba ya Jirani

Kwako Mama Nyanchoka, wewe unayejibu watu gazetini,

Mimi ni mama wa huku kwa majani chai, kati ya Kericho na Bomet, nilisoma mpaka darasa la nne tu kwa hivyo ukiona makosa usinicheke, nimeandika mwenyewe kwa sababu haya maneno siwezi kumpa mtu mwingine aniandikie. Majina nimegeuza lakini watu wa hapa wakisoma watajua ni sisi, na wacha wajue, nimechoka kubeba peke yangu. Nisaidie, mama, nisimpoteze rafiki yangu, na kama nimeshampoteza uniambie wazi nilie nimalize.

Rafiki mwenyewe ni Mama Ajwang. Yeye na bwana yake, Mzee Omollo, walikuja kutoka upande wa ziwa kabla binti yangu Chepchirchir azaliwe, mzee akaandikwa kazi kwa kituo cha kuchunguza chai ambacho kimepakana na shamba letu, ni seng'enge tu inatugawa. Kazi yake ilikuwa kuchora. Wale wasomi wa kituo wanasema chai imejengwa na vipande vidogo sana ambavyo jicho haliwezi kuona, vimeshikana kama shanga kwa uzi, na mzee ndiye alikuwa anavichora kwa karatasi kubwa, mpira kwa mpira, halafu anavipaka rangi kwa brashi ili wageni na wakulima wakija waonyeshwe. Nyeusi ni ile iko hata kwa makaa, nyekundu ni ile iko kwa hewa tunayovuta, nyeupe ni ile ndogo kuliko zote, mimi mwenyewe najua kwa sababu ya kusikia. Na ile sehemu inayofanya chai ing'ae kwa kikombe alikuwa anaipaka rangi ya machungwa aliyochanganya mwenyewe, si ya kununua, na ukimuuliza anachanganya nini na nini anacheka anasema, "Hiyo hata mke wangu hajui, na yeye anajua mpaka ndoto zangu."

Chepchirchir alikulia kwa baraza ya nyumba yao. Akitoka shule hapiti kwangu kwanza, anapita seng'enge anaenda kuoshea mzee brashi, anapewa zile zimeisha nywele anapaka mawe. Mzee alikuwa akimwambia bwana yangu, "Kipkosgei, huyu ndiye atanirithi," na sisi tunacheka kwa sababu ni msichana na tena ni wa kwetu.

Mimi na Mama Ajwang tulikuwa tunachuma kibarua kwa mashamba ya kituo, laini yake ya chai na yangu zimekaribiana, na nikiwa na mimba kikapu changu kikibaki chepesi alikuwa anatupa konzi zake ndani nyapara akigeuka, na mimi hivyo hivyo akiwa mgonjwa. Na kuna bakuli. Bakuli ya bati yenye maua ya bluu, sikumbuki ilianza kuwa ya nani. Nikikamua naipeleka na maziwa, yeye anairudisha na omena au unga ya wimbi, nikikosa maziwa napeleka hata maharagwe mabichi, kwa sababu kwetu na kwao ni moja, chombo cha jirani hakirudi kitupu. Ile miaka ya fujo, wakati watu wa ziwa walikuwa wanafukuzwa, nilimlaza yeye na watoto kwa jiko langu nyuma ya kuni, na bwana yangu akasimama mlangoni akaambia vijana wa kwetu hapa ndani kuna mke wake na mbuzi tu. Nakuambia haya si ati nijisifu, ni ujue yule si jirani wa salamu.

Kitu kingine nikuambie. Kituo kilileta mashine ya kuchuma majani wakaijaribu, inakata kama mkasi, na tukajua ikipita hiyo sisi tumekwisha. Mama Ajwang alienda akaketi chini mbele yake na kikapu mgongoni, akasema, "Kama inajua kuchuma, ianze na mimi." Mimi nikaenda nikaketi kando yake. Wamama wote wakaketi. Ile mashine ikarudishwa stoo, na mpaka leo kuku wanatagia huko.

Sasa sikiliza. Chepchirchir alisoma, Mungu akasaidia akafika yunivasiti akasoma mambo ya kemia, na akarudi akaandikwa kwa kituo kile kile. Mwaka wa tisini na sita wakaletewa kompyuta yenye inaweza kuonyesha vile vipande vya chai kwa kioo, vinazunguka kama vinacheza. Lakini rangi ilikuwa lazima mtu akae akionyesha kipande kwa kipande, hii hivi, hii vile. Wakati huo macho ya mzee yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Karatasi moja ilikuwa inamchukua muda mrefu mpaka wasomi wanaguna. Binti yangu akasikia uchungu, akaniambia, "Mama, nataka kumpunguzia mzee kazi, nitaandikia kompyuta amri, ikiona kipande fulani ijue yenyewe ni rangi gani, nibonyeze mara moja tu." Nikamuuliza, kama vile unaambia mchumaji majani mbili na kichwa kichanga cha juu, akichukua lingine ni makosa? Akacheka akasema ndiyo, mama, ni hivyo kabisa, tofauti ni kwamba hii haichoki.

Haichoki. Ningesikia hilo neno vizuri siku hiyo.

Basi alikuwa anaenda kwa baraza ya mzee kama zamani, anamuuliza mambo ya rangi. Hii mbona ukaifanya kahawia? Zikiwa mbili zimekaribiana unazitenganishaje mtu wa mbali azione? Mzee alifurahi, mama, alifurahi kama mtu amepata mwanafunzi, akimwambia yote, mpaka ile ya machungwa akamwambia nyekundu ni kiasi gani na manjano ni kiasi gani na ile tone ya kahawia ya mwisho. Hakumwambia mke wake, akamwambia mtoto wangu. Na Chepchirchir hakusema ni ya kuweka kwa kompyuta. Anasema alitaka iwe ghafla, iwe zawadi.

Siku alipomaliza akatuita, mimi na mzee, tukaingia kwa ile chumba ya kompyuta tukavua viatu. Vile vipande vilikuwa vya kijivu vyote kama jivu. Akabonyeza. Kabla sijasema eeh, vyote vimekuwa na rangi, nyekundu mahali pake, nyeupe mahali pake, na katikati ikawaka ile ya machungwa. Mzee akasogea mpaka pua ikakaribia kioo. Akasema, "Hiyo machungwa ni yangu."

Chepchirchir akasema, "Ndiyo, mzee! Zote ni zako. Sasa utapumzisha macho."

Akauliza, "Na ikileta nyingine ambayo haijawahi kuona?"

"Inapaka tu yenyewe, kwa amri zako."

Mzee akasema vizuri sana, vizuri sana, akamshika kichwa kama anambariki, akatoka. Alisahau viatu vyake hapo mlangoni, ni mimi nilimpelekea.

Mkubwa wa kituo akaona. Wakati huu si unajua kila mahali ni kupunguza watu? Alisema mbele ya watu, hata hakumwita kando, "Rangi zikijipaka zenyewe, mtu wa kupaka ni wa nini?" Omollo akapata barua ya kwenda nyumbani, na nyumba wanayokaa ni ya kazi, kazi ikiisha nyumba imeisha, mwisho wa mwezi huu wawe wametoka. Mimi nina kipande changu cha shamba hapa, hata dunia ikipinduka nalala kwangu. Mama Ajwang hana. Ametafuta chumba huko Chepilat wakajibanze.

Nilienda kwa seng'enge kumwambia pole. Mama Ajwang alikuwa anaanika nguo. Hakugeuka. Nikasema, "Mama Ajwang, mtoto hakujua." Akasema, "Mtoto wako alimkamua mzee wangu kama ng'ombe, akampapasa vizuri mpaka akatoa yote, halafu akamuuza." Nikasema usiseme hivyo, si ni mtoto wako pia. Ndipo akageuka. Akasema, "Ile miaka ulinificha kwako. Sasa nani atanificha kutoka kwenu nyinyi?"

Kesho yake nikakuta bakuli kwa mlango wangu. Imeoshwa imesuguliwa na majivu mpaka maua yanang'aa. Ilikuwa tupu. Mama Nyanchoka, miaka yote hiyo haijawahi kurudi tupu. Niliinua nikaangalia chini yake kama mjinga, labda kuna hata chumvi.

Nilifikiri huo ndio mwisho wa uchungu. Wiki iliyopita Chepchirchir amekuja na funguo. Mkubwa amempandisha kazi, na kwa sababu sasa ni mkubwa kidogo anastahili nyumba, na nyumba yenye itakuwa wazi ni ya Mzee Omollo. Aliweka funguo kwa meza hakuna mtu alizigusa mpaka chai ikapoa.

Bwana yangu anasema tusilete wazimu. Anasema, "Kwani mtoto asisome ndio Omollo apake rangi? Akikataa nyumba atapewa mtu kutoka Nairobi, na Omollo bado atakuwa Chepilat." Anasema kama ni kulipa, tulilipa ile miaka ya fujo. Mimi nikamwambia siku ile hatukuwa tunaweka deni, akaenda kwa ng'ombe. Chepchirchir hali chakula. Anasema ataingia kwa kompyuta afute zile amri zote, rangi zipotee, wamrudishe mzee. Mimi nimemkataza kwa kuogopa, maana atafutwa kazi na wadogo wake wanamtegemea, lakini nikimkataza naona nimeketi na mkubwa upande mmoja. Mimi niliyeketi chini mbele ya mashine! Na nikisema ukweli wote, mama, kuna siku nilipita nikaangalia ile nyumba nikafikiria pazia ya rangi gani ingefaa, halafu nikajichukia.

Nifanye nini? Afute? Achukue nyumba? Mimi nimwambie nini Mama Ajwang kabla gari ya mizigo ije? Nisaidie haraka, mwezi unaisha.

Ni mimi,
Mama wa Bakuli, Kericho

JIBU LA MAMA NYANCHOKA

Mama wa Bakuli, barua yako ina nukta chache na machozi mengi, na nimeisoma yote. Pole. Rafiki wa kukutupia konzi za majani kwa kikapu hapatikani mara mbili. Sasa umeshapewa pole, panguza uso, tuongee.

Kwanza bwana yako. Ana haki kwa jambo moja tu: mtoto hakukosa kwa kusoma, wala kompyuta haikukosa kwa kupaka. Mengine yote aliyosema, ayameze. Anayehesabu siku aliyosimama mlangoni mwaka wa fujo kama malipo ya nyumba, amewauza wageni wake leo kwa bei ya jana. Mwambie nimesema mimi, hajui ninakaa wapi.

Pili binti yako. Usimfunike kwa shuka la huruma eti alitaka kumpa mzee zawadi. Mtu hupewa zawadi ya kitu chako, si ya kitu chake mwenyewe. Alimwendea mzee kwa baraza akachukua ujuzi wa maisha yake, na akanyamaza kuhusu unakoenda. Mzee angeambiwa, "Nataka kuziweka rangi zako kwa mashine," angejibu ndiyo au hapana, na jibu lingekuwa lake. Labda angesema ndiyo. Labda angemfuata mkubwa mapema, aombe afundishe hiyo kompyuta akiwa bado kwa mshahara. Hatutajua, kwa sababu hakuulizwa. Hapo ndipo kosa lilipo, na ni kosa la kuombewa msamaha kwa mdomo, ana kwa ana, bila neno "lakini" ndani yake.

Unauliza afute? Asifute! Huyo mkubwa aliyeonja rangi za bure atatafuta kijana mwingine aandike amri upya wiki ijayo, na binti yako atakuwa nje, na mzee bado atakuwa nje. Tena fikiria: zile rangi ndizo kitu pekee cha Omollo kilichobaki ndani ya kituo hicho. Zikifutwa, atakuwa amefukuzwa bure. Ziache, na aweke jina lake. Kama kompyuta inaweza kuambiwa paka machungwa hapa, inaweza kuambiwa andika hapa chini ya picha: rangi ni za Omollo. Kila mgeni alisome. Na aende kwa mkubwa, si kwa kulia, akamwambie kwamba vitakuja vipande vipya ambavyo amri hazijui, na mtu wa kuulizwa ni yule aliyezitunga, basi aitwe na alipwe siku anayoitwa. Mkubwa anaweza kukataa. Wakubwa hukataa. Lakini akatae akiwa ameombwa. Wewe na Mama Ajwang hamkujua ile mashine ya kuchuma ingerudi stoo mlipoketi chini, ila mliketi.

Nami sitakudanganya: jina kwenye kioo halipiki ugali. Usimpelekee Mama Ajwang habari ya jina kana kwamba umempelekea gunia.

Sasa nyumba. Mama, hiyo hukuhitaji gazeti. Ulijibu mwenyewe siku uliyofikiria pazia ukajichukia. Funguo zirudi leo, si kesho. Binti yako ana kwao, alale kwao apite seng'enge kama alivyopita akiwa mtoto, au apange chumba sokoni kama wenzake. Atapewa mtu wa Nairobi? Apewe. Huyo wa Nairobi hatakuwa amelelewa kwenye baraza hiyo. Mama Ajwang akisikia mgeni ameingia kwake ataumia. Akisikia ni Chepchirchir, hata yale mema mliyofanyiana atayageuza chini juu, aone yote yalikuwa mpango.

Na wewe mwenyewe. Ulimwambia "mtoto hakujua." Mtu nyumba inamwangukia, wewe unamtetea aliyesukuma ukuta! Hukumwambia umekosa, hukumwuliza unaenda wapi, unahitaji nini. Uliomba ufarijiwe na yeye. Ndiyo maana bakuli ikarudi vile.

Kwa hivyo siku wanapofunga mizigo, amka, funga leso kiunoni, uende. Usiende na maelezo. Nenda na mikono na mgongo. Bwana yako aje, na Chepchirchir aje, na kabla ya kushika mzigo wowote aseme neno lake kwa mzee. Mama Ajwang akikuambia toka, toka nje ya mlango, lakini usitoke nje ya boma, simama pale gari limesimama, upokee kila kinachotoka na kukipanga vizuri. Akikutukana, pokea hilo pia. Usitegemee akukumbatie. Huenda asikuangalie mpaka gari linaondoka, na hiyo ni haki yake, si yako kupunguza.

Ile bakuli, jaza. Weka maziwa ya asubuhi hiyo, funika kwa sahani, uiweke katikati ya vyombo vyake bila kusema neno. Itaenda Chepilat. Ikirudi siku moja na omena, utapiga magoti ushukuru. Isiporudi, usiifuate. Wacha watoto wake waitumie kula huko.